Dadu Ikishatua

Kama kuna kitu Refa alishindwa kukivumilia, ni mtu kucheza rafu halafu akainua mikono juu kama malaika. Na ndivyo alivyofanya yule kijana wa shati la mistari, chini ya ngazi za umeme za jumba la maduka, Jumamosi ambayo nusu ya mji ilikuja kununua na nusu nyingine ikaja kula ubaridi wa bure wa viyoyozi. Zipu ya mkoba wake ilikuwa imeachia. Vidude vya rangi rangi vilimwagika sakafuni, vikaruka huku na huku kati ya miguu ya watu, na kimoja kikajipenyeza chini ya ndala ya Refa. Akakikanyaga kwa uzito wake wote.

"Uwii! Nani amemwaga misumari hapa?"

"Si misumari, dada yangu. Ni dadu." Mikono juu.

"Dadu naijua mimi. Dadu ina pande sita na vidoa. Hii ina ncha!"

"Hiyo ni ya pande nne. Ndiyo mbaya kuliko zote, hata mimi imeshanichoma."

"Kwa hiyo unajua ni mbaya, na bado unatembea nayo kwenye mkoba mbovu katikati ya watu?"

Kijana aliweka mkoba chini. Akapiga magoti palepale, watu wakimpita kushoto na kulia, akachomoa plasta mfukoni mwa shati. "Nipe mguu. Usiogope, mimi ni mfamasia."

Refa alitaka kuendelea kugomba, maana hasira yake ilikuwa bado ya moto na hakupenda ipoe bure. Lakini mikono ya kijana ilikuwa safi na haikuwa na papara, na kisogo chake kilikuwa kimenyolewa vizuri. Kijana naye, pale chini, hakuwa kipofu. Aliliona gauni la njano lililoishia magotini, akaiona na miguu ya mtu ambaye kukimbia ni kazi yake.

"Asante, dokta."

"Mimi si daktari. Ni mfamasia."

"Nimesikia, dokta. Sasa okota dadu zako kabla hujamvunja nyonga bibi wa watu."

Waliziokota pamoja, wakigongana vichwa mara moja. Walipomaliza, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake, na mpaka leo kila mmoja anadai kwamba si yeye aliyeomba.

Jina la Refa halikuwa la utani mtupu. Siku za kazi alifundisha michezo shuleni, na mwisho wa wiki alichezesha mpira wa ligi, wanaume wazima wenye ndevu zao wakimfokea mpaka atie mkono mfukoni, hapo wote kimya. Mama yake mzazi alimwita Refa. Kazini alikuwa na imani moja tu: kipenga kikishalia, kimelia. Ukikosea, umekosea, beba kosa lako, mpira uendelee. Ule mtindo wa kusimamisha mechi ili watu wakakodolee marudio ya video aliuona ni ulegevu. "Ulikuwepo au hukuwepo?" aliuliza kila mara. "Basi!"

Haikuchukua muda, Dokta akampeleka kwa rafiki zake wa mchezo. Walikuwa watu wazima wanne waliozunguka meza ya kulia chakula, wamejaza makaratasi na dadu za kila umbo, na mmoja wao, fundi friji mwenye sauti nzito, ndiye aliyesimulia hadithi na kuamua nani kafaulu, nani kafeli. Wakamwita Msimulizi. Wengine walijifanya wachawi na mashujaa ndani ya hadithi hiyo. Refa alivaa blauzi yake nyeupe ya kutokea, akakaa wima, akasikiliza.

"Ukitaka kupanda ukuta," Dokta alimweleza kwa upole, "unarusha hii ya pande ishirini, unajumlisha wepesi wako, unatoa mbili kwa ajili ya mvua. Ila kama una faida, unarusha mara mbili unachukua kubwa. Isipokuwa umebeba mzigo mzito."

"Ngoja. Mpira wa miguu una sheria kumi na saba. Kumi na saba tu, na dunia nzima inacheza. Nyinyi mna ngapi?"

Wakatazamana. "Kuna vitabu," alisema Msimulizi, kama mtu anayekiri kuwa na madeni.

Punde mchezaji mmoja akaanza kubishana na Msimulizi: mshale umempata, haujampata, kitabu kinasema hivi. Refa, bila hata kufikiri, akatia mkono kwenye pochi, akamwinulia kadi ya njano. Meza nzima ikacheka mpaka dadu zikadondoka. Refa hakucheka. Njia nzima ya kurudi aligomba: kwa nini wanamwonea mwamuzi wao, ana kosa gani, mbona hawana adabu?

"Mpenzi, kubishana ni sehemu ya utamu."

"Utamu gani? Mimi sirudi kule. Hesabu zimenitoa jasho kuliko dakika tisini uwanjani."

Ndipo Dokta alipomwonyesha lile gemu. Lilikuwa la kwenye televisheni, sebuleni kwake, kwenye kochi la kijivu lililobonyea upande mmoja. Sheria zilikuwa zilezile za mezani, mapanga na mazimwi yaleyale, ila mashine ndiyo iliyopiga hesabu. Wewe unaamua utafanya nini, dadu ya pande ishirini inabingirika yenyewe kwenye skrini, inatua, unaambiwa matokeo. Hakuna kitabu wala wa kubishana naye.

"Hii ndiyo haki!" Refa alisema, na akaketi upande uliobonyea.

Akajichagulia mpiga filimbi, kwa kuwa filimbi ni ndugu wa kipenga. Dokta alijaribu kumshauri kwamba mpiga filimbi hana nguvu, kwamba anayeanza huchukua mpiganaji mwenye ngao, akaambiwa afunge mdomo. Ndani ya wiki Refa alikuwa hashikiki. Alipewa ufunguo wa nyumba, na akitoka shuleni alipitia pale hata kama Dokta bado yuko dukani kwake.

"Dokta," alipiga simu, "nikimzomea mchawi atakasirika?"

"Mpenzi wangu, nina foleni ya wagonjwa hapa."

"Jibu ndiyo au hapana."

"Inategemea dadu."

"Hilo ndilo jibu ninalolipenda. Kazi njema, laazizi."

Katika safari hiyo alipata rafiki, zimwi mmoja mnene mwenye roho nyepesi, aliyetembea na sufuria kubwa mgongoni na kuitumia kama ngao. Jina lake hata halikutamkika, Refa akamwita Sufuria. Kila walipopiga kambi Sufuria alipika. Kila walipopigana Sufuria alijificha nyuma ya filimbi. Refa alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja, na Dokta alipochungulia begani kwake na kusema yule zimwi hafai, ambadilishe, alipigwa mto wa kochi.

Siku alipofika darajani, Dokta alikuwa naye kochini. Mlinzi wa daraja alidai wapite mmoja mmoja, silaha chini. Skrini ikampa Refa mambo matatu ya kuchagua: kumpa zawadi, kumwimbia au kumkemea. Unadhani Refa alichagua nini? Akamkemea. Dadu ikabingirika, ikasitasita, ikatua kwenye moja, namba mbovu kuliko zote. Mlinzi akapandwa na hasira, akamsukuma aliyekuwa karibu naye, na aliyekuwa karibu naye ni Sufuria. Zimwi akaenda chini na sufuria yake, sauti ikiisha kidogo kidogo.

Refa alitoa macho. Machozi yakamtoka, na kicheko pia, vyote kwa mpigo. "Nimemuua! Dokta, nimemuua kwa mdomo wangu!"

"Bonyeza hapa urudi nyuma, kabla ya daraja. Utarusha tena."

"Nirudi nyuma niende wapi? Ameanguka."

"Kila mtu anarudia, mpenzi. Ukipata moja unarudia."

"Mimi si kila mtu. Dadu ikishatua, imetua." Akapangusa uso, akavuka daraja peke yake.

Kesho yake, Dokta akiwa kazini, Refa aliendelea. Kwa kuwa Sufuria hakuwepo, njia ilimpeleka kwingine, bondeni, mpaka kwenye pango lenye moshi wa jikoni. Mlangoni alikuwepo zimwi bibi, amevaa shuka kuukuu, akamtazama mpiga filimbi na mahali patupu pembeni yake. Ilikuwa juu ya Refa kumwambia. Hapakuwa na dadu, yalikuwa maneno tu. Akachagua ukweli: nilikemea, mwanao akasukumwa. Zimwi bibi alipangusa mikono kwenye shuka, halafu akauliza swali moja: mwanangu alikuwa ameshakula? Refa aliiweka rimoti ya gemu chini akalia kama mtoto kwenye kochi la mtu. Alipotulia akahifadhi mchezo wake hapo, akaenda kwao, na hakumsimulia mtu. Lilikuwa lake.

Jumapili alikuwa na mechi. Alirudi kwa Dokta na jezi yake nyeusi, soksi zikiwa na vumbi, akamkuta amesimama mbele ya televisheni anachekelea, amevaa fulana mpya, amenyoa.

"Kaa. Funga macho. Nimekuletea zawadi."

Alipofumbua macho, Sufuria alikuwa pale kwenye skrini, anakoroga mchuzi.

"Nimerudi mpaka kabla ya daraja," Dokta alisema kwa furaha. "Nimerusha mpaka nikapata ishirini! Tumevuka salama, nikahifadhi. Umeona? Hajafa!"

Refa aliweka mfuko wake wa viatu chini taratibu. Wanaomjua wangekimbia. "Umehifadhi juu ya mchezo wangu?"

"Ndiyo. Ule wa zamani ulikuwa na kosa."

"Nilikuwa nimefika kwa mama yake."

"Mama yake nani?"

"Mama yake Sufuria! Nilikwenda kumpa habari kwa mdomo wangu uleule uliomuua mwanawe. Nililia hapa, kwenye kochi lako hili bovu. Uko wapi sasa ule mchana wangu? Nirudishie!"

"Mpenzi, ni gemu tu."

"Usiniambie ni gemu tu! Lingekuwa gemu tu usingekesha nalo miaka. Nani alikuomba? Kosa lilikuwa langu, majuto yangu, mama yake nilimkuta mimi. Wewe ukaingia na viatu vyako ukafuta!"

"Nilitaka ufurahi."

"Kesho nikikosea kazini utakwenda kunifutia? Nikigombana na mama yangu utakwenda kunisemea? Nitajuaje lipi nimeishi mimi na lipi umenirushia wewe mpaka likatoka zuri?"

Dokta, masikini, akainua mikono juu. Hilo ndilo lililommaliza. Refa aliuweka ufunguo mezani, akachukua mfuko wake wa viatu, akaondoka na soksi zilezile za vumbi.

Dada yake mkubwa alipohadithiwa, alicheka mpaka akashika mbavu. "Umemwacha mwanaume anayenawa mikono kabla ya kula, kisa zimwi la kwenye TV?"

"Si zimwi. Ni dharau."

"Haya. Mimi naendelea kumwita shemeji."

Simu za Dokta zikaita mpaka zikachoka. Ujumbe ukaja: *Samahani.* Mwingine: *Naweza kukurudishia, nitacheza upya mpaka pale pale.* Huo wa pili ulimwasha Refa zaidi ya kosa lenyewe. Alitembea nayo, hasira hiyo, darasani na sokoni, akalala nayo, na Jumamosi akaingia nayo uwanjani.

Ilikuwa mechi kubwa, na jukwaani walikaa wakubwa wa kamati waliokuja kumpima kama anafaa kupanda ligi ya juu. Miaka yote alikuwa anaitafuta siku hiyo. Kipindi cha pili mchezaji alichezewa rafu mbaya ya makusudi, watu wakarundikana, wakasukumana, na katikati yao mmoja akainua mikono juu, uso wa malaika. Refa hakuangalia mara ya pili. Kadi nyekundu, nje!

Hakuwa yeye. Aliyecheza rafu alikuwa mwenzake wa pembeni, na uwanja mzima uliona. Kijana yule alitoka analia, timu yake ikafungwa, na kufikia jioni picha za video zilikuwa kwenye kila simu, na matusi yake hayaandikiki. Refa akaitwa mbele ya kamati.

Dada yake alikuwa na wazo. "Ulikuwa na mafua. Ulimeza vidonge vile vinavyoleta usingizi. Waambie dawa ilikulevya, na shemeji aandike cheti. Tena mwenyekiti wa kamati ni mteja wake, nampigia sasa hivi."

"Usithubutu!"

Lakini dada alikuwa ameshampigia Dokta. Ndiyo ilivyokuwa familia yao.

Mbele ya kamati, kwenye chumba cha meza ndefu na feni inayolia, Refa alivaa suti yake ya kijivu na akasema maneno machache. Hakuona sawasawa. Hakuangalia mara ya pili. Alikuwa na hasira za nyumbani akaziingiza uwanjani, na mtoto wa watu akazilipia. Aliomba kadi ya yule kijana ifutwe na jina lake lisafishwe hadharani.

Mwenyekiti alivua miwani. "Hakuna jambo jingine? Ugonjwa? Dawa?"

Basi Dokta ameshampigia, Refa alifikiri. Ameshanirushia tena. "Kwa nini unauliza, mheshimiwa? Kuna mtu amekwambia?"

"Hapana. Huwa tunauliza kila mtu."

"Mafua nilikuwa nayo. Macho yalikuwa mazima."

Wakamfungia mpaka msimu uishe, na jina lake likatolewa kwenye orodha ya kupanda. Alitoka akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Chini ya ngazi za jengo, amesimama juani na koti lake jeupe la kazi, alikuwepo Dokta.

"Unafanya nini hapa?" Refa alimvaa. "Na nani amekuita?"

"Dada yako. Alitaka nimpigie mwenyekiti."

"Ukampigia?"

"Hapana."

"Namba unayo?"

"Ninayo. Niliishika simu mpaka ikapata joto. Nikaifungia kwenye kabati la dawa, ufunguo nikampa msaidizi wangu nikamwambia asinipe hata nikilia." Alikunja mkono wa koti. "Ilikuwa vigumu, Refa. Kazini kwangu kosa ukiliona unalikamata kabla mgonjwa hajafika mlangoni. Ukiliacha, mtu anakufa. Sijui kuishi namna nyingine. Nilijua wanaweza kukufungia, na nikanyamaza."

"Wamenifungia."

"Pole."

Hakuongeza neno. Hakusema angekata rufaa wala angejaribu njia nyingine. Refa alingoja aongeze, na alipoona haongezi, akakaa kwenye ngazi na suti yake ya kijivu. Dokta akakaa ngazi ya chini yake.

"Nimekwenda kwa mama yake Sufuria," alisema baadaye. "Nimelimaliza gemu lile mara tatu na sikuwahi kujua kama yule mama yupo. Kila mara nilirudia mpaka mwanawe akapona. Safari hii nilimwacha aanguke."

"Ukamwambia nini mama yake?"

"Ukweli. Akaniuliza kama alikuwa ameshakula." Alitazama viatu vyake. "Sikukurudishia chochote, najua. Hii ilikuwa yangu. Ya kwako nimeifuta, na haifutiki kwamba nimeifuta."

Refa alilia kwanza kwa ajili ya ligi, halafu kwa ajili ya kijana wa kadi nyekundu, halafu akaegemeza kichwa chake kwenye lile koti jeupe linalonuka dawa. "Bado nina hasira na wewe."

"Kaa nazo."

"Nitakaa nazo muda mrefu."

"Nina muda, mpenzi wangu."

"Basi uje nyumbani umwone mama. Useme mwenyewe unachotaka. Sitakusaidia, na dada hatakusaidia. Ukikataliwa, umekataliwa."

Akaja Jumapili, suti nyeusi, tai imembana shingo, viatu vinang'aa. Sebuleni kwa mama televisheni ilikuwa imezimwa sauti, vitambaa vya makochi vimenyooshwa, na dada mkubwa amejibanza nyuma ya mlango wa jikoni akidhani haonekani. Dokta aliamkia, akaitikiwa, akakaa ukingoni mwa kochi. Hotuba alikuwa ameikariri wiki nzima.

Mama alimtazama juu mpaka chini. "Binti yangu ni mkali. Unamjua?"

"Namjua, mama."

"Na sasa hivi hana raha, kazi yake imeingia doa. Mimi nimemlea peke yangu. Hebu niambie, wewe utamtunza vipi?"

Hotuba yote ikayeyuka. Dokta alifungua mdomo, na kwa hofu kikatoka kile ambacho mdomo wake ulikizoea kuliko kitu kingine chochote duniani.

"Kutwa mara tatu."

Nyuma ya mlango kitu kilianguka. Refa, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, aliuma midomo. Neno moja tu lingemwokoa, na neno hilo alikuwa nalo ulimini. Hakulisema. Dokta alimtazama, jasho linamtiririka, akaona hasaidiwi.

"Umesemaje, baba?" mama aliuliza taratibu. "Hebu rudia vizuri. Labda ulitaka kusema kitu kingine."

Nafasi ya kurudia ilikuwa wazi kabisa. Dokta alilegeza tai. "Hapana, mama. Nimeshasema. Kutwa mara tatu."

Mama aliweka mikono magotini. "Na hiyo dozi inaisha lini?"

"Haiishi, mama."

Mama aligeuza uso dirishani, mabega yakimtikisika, na ilimchukua muda kuupata tena uso wa mama mkwe. "Refa," alisema, "mbona umesimama kama mlingoti? Mletee mwenzako chai."